Jibu la Mkononi

Simu ya Noel ilikuwa imelazwa mezani kifudifudi, lakini haikutulia. Ilitetemeka, ikajisogeza, ikatetemeka tena, mpaka ikafika ukingoni. Yeye akairudisha katikati ya meza bila kuigeuza, kama mtu anayerudisha kifaranga kwenye tenga. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni.

"Nani anapiga hivyo?" nikamwuliza.

"Hawapigi, bibi. Wanaandika."

"Akina nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wote," akasema, akaingia chumbani kwa babu yake akafunga mlango.

Noel ni mtoto wa binti yangu Elida, Mungu amlaze pema. Nimemlea hapa mjini, mtaa wa Katubuka, tangu anatambaa. Ninyi mnamjua kwa jina la Mgebuka, jina la samaki wetu wa ziwani, mwembamba na mtelezi, kwa sababu yeye mwenyewe ni mwembamba na maneno yake yanateleza. Waliponiambia mara ya kwanza kwamba mjukuu wangu anachana, nilidhani amefungua saluni. Nikawaambia, vizuri, nywele haziishi kuota. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kumbe kuchana ni kule kusema haraka haraka juu ya ngoma.

Wimbo wake wa "Nisindikize Mwandiga" ulipopigwa redioni, wenye bodaboda wa mtaa wa Gungu waliuimba mpaka mimi bibi kizee nikaujua. Akaenda Dar es Salaam. Akapanga nyumba yenye geti. Akamwoa Sia, binti wa Moshi, mtoto mwenye adabu, wakapata binti yao. Picha yake ikabandikwa kwenye mabango, ameshika chupa ya soda anacheka. Mume wangu, Mzee Nikodemu, alikuwa anasimama mbele ya bango lile pale mjini anawaambia wapita njia, "Huyo meno yake ni yangu."

Sasa amerudi na begi moja. Kwenye nyusi ana kovu la chupa, maana kuna mji mmoja alipanda jukwaani wakamrushia. Bango limebanduliwa. Redio haimpigi. Sia amemchukua mtoto amekwenda kwa mama yake. Na yote hayo yalitoka kwenye utani.

Mtu asiyejua nitamweleza. Sisi Waha na Wanyamwezi ni watani, tangu zamani za watu kutembea kwa miguu. Mtani wako ukimkuta anakula unamnyang'anya sahani. Na siku ya msiba wake ndiyo siku yako hasa. Wengine wote wanalia, wewe unakwenda kutukana. Unavaa kanzu ya marehemu, unatembea kama yeye, unasema alikuwa mchoyo, unasema hakufa bali amekimbia madeni. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na kile kifundo cha kifuani kinalegea. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mzee Nikodemu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Akifa Mnyamwezi hapa mjini, hata kama ni mtu wa serikali aliyehamishiwa tu, mzee alichukua fimbo yake akaenda, na Noel mdogo mabegani.

Basi huko Dar Noel akakutana na mwimbaji mwenzake wa Tabora, jina la kwao Feliksi, jina la jukwaani Mzinga. Ni mnene, sauti yake inatoka tumboni. Wakawa wanataniana kwenye nyimbo. Noel anamwita mpagazi, Mzinga anamwita manamba wa mkonge. Watu walifurahi, shoo zikajaa.

Kisha mama yake Mzinga akafariki.

Noel siku ile alikuwa Mtwara kwa shoo, hakuweza kufika Tabora. Akafanya alichoona babu yake anafanya, ila alikifanya kwa simu. Akajirekodi, akatuma kwa dunia nzima:

*Mama'ko hajafa, amekimbia tumbo lako,*
*kaona heri udongo kuliko sufuria yako.*

Mzee Nikodemu aliposikilizishwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ego, ndivyo! Huyo amemzika mwenzake vizuri." Lakini dunia haikucheka. Watu ambao hawana mtani hata mmoja walisikia tusi tupu juu ya mama wa mtu aliyelala hajazikwa. Sia naye, mtu wa Moshi asiyejua utani wetu, akamwambia, "Noel, mama wa mtu amekufa! Mama!" Akajitetea kwamba ni utani. Wakamwuliza, mbona mfiwa mwenyewe hajacheka?

Hapo ndipo penye mwiba. Utani ni wa wawili. Mmoja akiukubali ni utani, akiukataa ni tusi. Na Mzinga hakusema lolote. Hakucheka, hakutukana, hakujibu. Noel alimpigia, hakupokea. Miezi ikapita kimya. Dunia ikamhukumu mtoto wangu kwa kimya kile.

Kwa hiyo alikuwa anakaa chumbani. Nikimpelekea ugali anaumega, anauviringa, anaurudisha. Usiku namsikia anatembea, na mchana nikimtuma Gungu kununua mawese anarudi amekunja shingo.

"Wamekuambia nini?"

"Wanasema Mgebuka amekauka. Amekuwa dagaa."

"Ungewajibu. Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Hayaji, bibi." Akagusa koo. "Nikifungua mdomo, mstari hauji. Naona zile chupa."

Nikayapokea mawese. Mtu akikuambia maji yamekauka kisimani, humwambii achote.

Halafu Domitila, jirani yangu, akaja mbio mchana mmoja, kanga imemdondoka bega, redio ndogo mkononi. Domitila habari mbaya haziwezi kumlala tumboni.

"Mama Elida, umesikia? Yule mnene wa Tabora anakuja! Jumamosi ana shoo Ujiji. Wamemwuliza, na Mgebuka je? Unajua amesema nini?"

"Sema, usinikate roho."

"Amesema, 'Jibu lake ninalo. Nitampa mkononi.'"

"Mkononi?"

"Mkononi! Mkononi ni nini kama si ngumi?"

Nikaona mchi unaniwia mzito. Nilitazama mlango wa chumba. Ulikuwa wazi kidogo, na Noel amesimama nyuma yake. Alikuwa amesikia.

Jioni akaja Onesmo, rafiki yake wa utotoni, anaendesha bodaboda. Akasema wamepanga. "Bibi usihofu. Vijana wa Gungu wote tuko tayari. Akimgusa Mgebuka, huyo mnene atarudi kwao kwa vipande."

"Mkimvunja mtu, Noel atakuwa amepona?"

"Atakuwa amelindwa, bibi."

"Sikukuuliza hilo."

Mimi nikawa na shauri langu. Kuna mashua ya kwenda Kalya, kusini huko, na dada yangu Leonia anaishi kule. Nikamwambia Noel afunge begi, akae kwa Leonia mpaka yule mtu aondoke. Hakubisha. Kutobisha kwake kuliniumiza kuliko kama angebisha. Mzee Nikodemu, ambaye tangu masika alikuwa hatoki kitandani, akaniita.

"Mnamkimbiza mtoto?"

"Tunamficha tu."

"Mtu akisema nitakupa mkononi, anakuja. Mtu anayekuja asikute nyumba tupu." Akavuta pumzi, inakwaruza kama mlango mbovu. "Huyo Mnyamwezi ni mtani. Nasema mimi."

"Na kama si mtani? Kama ni mtoto aliyetukaniwa mama yake?"

Naye hakujua. Akageukia ukutani.

Alhamisi asubuhi, Noel amekwisha kuvaa viatu vya safari, nilimpelekea mzee uji, nikakuta mkono wake umepoa.

Sitaeleza kilio changu. Wenye waume wanakijua, na wasio nao haisaidii kuwasimulia. Nitasema tu kwamba Noel alivua viatu. Mjukuu mkubwa wa kiume ndiye anayetangulia mbele ya jeneza na msalaba. Hawezi kuwa kwenye mashua.

Kwao mzee ni Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, ndiko alikotaka kulala. Ijumaa tulimpandisha. Jirani zetu wa mjini wakaja, Domitila akaja, na Onesmo akaja na vijana wake, pikipiki nyingi. Nikaona wanashusha fimbo, wanaziegemeza nyuma ya banda la ng'ombe. Nikamwita.

"Za nini hizo?"

"Za kuchimbia, bibi."

"Siku hizi kaburi linachimbwa kwa rungu?"

Akatazama pembeni. Habari za msiba zilikwisha kuzagaa mjini, na Mzinga alikwisha kushuka kwenye treni. Kila bodaboda aliyepandisha mlima nilimsikia tangu bondeni. Moyo ulikuwa unapanda naye na kushuka naye. Noel alikaa kwenye mkeka karibu na jeneza, magoti kifuani, anatazama njia. Walimletea maji, akayashika, hakunywa.

Katekista alikuwa amefungua kitabu tuondoke kwenda kaburini pikipiki ilipoingia uani, imelemewa, bomba linafuka moshi. Akashuka mtu mnene, mwenye miwani nyeusi na mkufu, shati limelowa jasho. Hakuvua miwani. Hakumsalimu mtu.

Akapita katikati yetu moja kwa moja mpaka jikoni, kwa wanawake. Tukasikia kifuniko cha sufuria kinaanguka. Akatokea na mwiko mkononi, anatafuna.

"Chumvi iko wapi?" akapaza sauti. "Nimeifuata reli mpaka ikaisha, nikapanda mlima mpaka ukaisha, nakuta maharage hayana chumvi! Ninyi Waha mnapika msiba au mnapika dawa?"

Akaingia ndani ya nyumba bila hodi. Akatoka amevaa koti la mzee, lile la kijivu la kwendea kanisani, limembana mpaka mikono imesimama kama mabawa ya kunguru. Akaanza kutembea kama mzee Nikodemu alivyotembea, mguu wa kushoto akiuburuta. Sijui alielezwa na nani, labda na Noel mwenyewe zamani zile za urafiki wao. Akaja mpaka mbele yangu.

"Huyu ndiye mjane? Bado mbichi! Inuka mama, funga mzigo twende Tabora. Huyu manamba wako alikuwa hajui kutunza mke. Amelala saa hizi, tena mbele ya wageni, hana hata haya!"

"Mshenzi wewe!" Onesmo akapiga kelele. "Kwenye msiba? Kwa bibi yetu?"

Vijana wakakimbilia nyuma ya banda. Nikaona fimbo zinainuka. Domitila akaanza mayowe. Yule Mzinga hakurudi nyuma, ila nilikuwa karibu naye, niliona midomo inamtetemeka. Alikuwa anaogopa. Mtu amekuja peke yake, mlimani, kwenye watu wa mwenzake, hajui kama tutamwelewa. Hofu yake na yangu zilikuwa moja.

Na mimi bado sikuwa na hakika. Lakini adui haonji maharage ya msiba wako. Nikapiga magoti pale vumbini, nikapiga makofi ya salamu, yale yetu ya Kiha, viganja vimekunjwa kama vimebeba maji.

"Amahoro, mtani," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. "Umechelewa. Wapagazi wenzako walifika jana na mizigo yao, wewe umekuja na tumbo tu. Na Tabora siendi, huko mnakula asali mnasahau kuoga!"

Mzee mmoja wa Kalinzi, Amosi, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akatoa kicheko kimoja kama chafya. Mwanamke mwingine akafuata. Nikasikia kicheko kinatembea ua mzima, na vilio vikapanda juu yake. Onesmo alisimama na rungu hewani hajui alipeleke wapi.

"Shusha, mjinga wewe," nikamwambia. "Huyu amekuja kulia."

Mzinga akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Akarudi jikoni, akainama kwenye mafiga, akatoka amefumba mkono wa kulia. Akaenda kwa Noel.

Noel akasimama. Hakukimbia. Aliona ule mkono unainuka, akafumba macho, akakunja uso kupokea ngumi. Mzinga akaufumbua mkono, akampaka majivu usoni, kutoka kwenye lile kovu mpaka kidevuni, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta.

"Jibu lako hilo," akasema. "Nilisema nitakupa mkononi."

Noel alifumbua macho, majivu yanamwingia. Onesmo alikuwa amekwisha kutoa simu, na wenzake pia, wanainua juu.

"Zima simu!" Mzinga akageuka mkali. "Wote. Simu ndiyo iliyotuua. Hili halipandi kwenye simu."

Wakazima. Kisha akasema chini chini, lakini mimi nilikuwa hapo hapo.

"Nilikuchukia, Noel. Sikudanganyi. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka wa mama, mtu ananiwekea simu sikioni nisikie unavyomcheka. Nilitaka kukuua. Baadaye sana baba akaniuliza, nani mwingine alimtania mke wangu? Nikamwambia hakuna, wote walituma pole. Akasema, basi huyo peke yake ndiye aliyemzika kama mtu wa kwetu. Ila alikosea, alituma mdomo akaacha miguu."

"Ningekuja," Noel akasema. "Ningekuja, Feliksi."

"Hukuja."

"Sikuja."

"Na mimi nilijua watu wanakumaliza, nikanyamaza. Kimya changu kilikuwa kinauza nyimbo zangu. Basi tumebebana, hakuna anayemdai mwenzake."

Katekista akakohoa. Tukamwinua mzee, tukaenda. Kaburi lilikuwa juu kidogo ya mibuni, udongo mwekundu umerundikwa. Kabla jeneza halijashuka, Mzinga akatutangulia, akashika ukingo, akajiteremsha ndani. Tulisikia kishindo.

"Sitoki!" sauti ikatoka chini. "Nyumba hii nimeipenda. Mzee atafute nyingine."

"Toka mtani, tutakupa jogoo," Amosi akamwambia.

"Jogoo wenu mwembamba kama mjukuu wenu. Sitaki jogoo. Nataka Mgebuka aimbe."

Kicheko kikakatika. Noel alikuwa ameshika msalaba kwa mikono miwili.

"Kesho naimba Ujiji," Mzinga akaendelea. "Nataka kupanda na mtu jukwaani, tusimame wote wawili, wale watu watuone kwa macho yao. Sipandi na dagaa mkavu. Imba. Usipoimba mzee wako analala nje leo."

"Siwezi," Noel akasema.

"Basi nipeni shuka, nilale."

Watu walisimama. Upepo unapita kwenye mibuni. Waliobeba jeneza mabega yalikuwa yanawauma, nikaona mmoja anabadilisha mguu. Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa rungu. Rungu ningeweza kulizuia kwa makofi yangu. Hili la kooni sikuwa na la kufanya. Noel akanitazama, nami nikamtazama tu, maana kama ningetikisa kichwa hata kidogo angeshika hicho kichwa kama kamba ya kumwokoa.

Akafungua mdomo. Ikatoka hewa. Akafungua tena.

*Babu sogea kidogo, mgeni kaja na tumbo...*

Akakwama. Sauti ilikuwa inakwaruza, ya mtu mwingine kabisa. Akameza majivu.

*...hakubeba hata asali, kabeba njaa na fumbo.*

Amosi akacheka, Domitila akapiga kigelegele akakimeza katikati, akakumbuka ni msiba, na mimi machozi yaliyokuwa yamekataa tangu Alhamisi yakashuka yote kwa pamoja.

Kutoka shimoni mkono mnene ukajitokeza, umejaa udongo, unapapasa ukingo. Noel akaweka msalaba chini, akainama, akaushika ili amvute. Yule hakupanda.

"Mbaya hiyo," Mzinga akasema kutoka chini. "Rudia. Na usimtazame bibi, nitazame mimi."

Noel akapangusa pua kwa mkono uliobaki, akarudia.